Saa ya Baba Pauline

Ikumbukwe kwamba katika mwaka wa tisini na moja, mbele ya baraza lililohudhuriwa na machifu, manaibu wao na wananchi wapenda maendeleo, ofisa mmoja wa mambo ya madini alitangaza rasmi mjini Voi, kwa niaba ya wakubwa wake na wakubwa wa wakubwa wake, kwamba wilaya ya Taita Taveta haina dhahabu. Vito vipo, alisema, vya kijani na vyekundu, na chuma kipo. Dhahabu haipo. Haiko milimani, haiko tambarare, haiko chini ya ardhi kwa kina chochote kile, na kijana atakayeonekana na sururu akichimbua kingo za barabara kule Mraru kwa tamaa ya dhahabu atahesabiwa mharibifu wa barabara. Wananchi wakapiga makofi. Kushangilia kwamba huna kitu ni jambo linalotaka mazoezi, na watu wa Voi walikuwa wamefanya mazoezi ya kutosha.

Ridha Sheikhan naye alipiga makofi, lakini kwa mkono mmoja, akijipiga pajani. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa kanzu umeshika saa ya dhahabu.

Ridha alikuwa na duka la leso karibu na msikiti. Duka lilikuwa la baba yake, mtu wa Mombasa aliyeshuka Voi zamani za vita, gari moshi liliposimama kuchukua maji, akiwa safarini kwenda Nairobi kutafuta maisha. Mvua ilinyesha, akaamua kungoja ikatike. Alipokuwa akingoja akaoa. Nairobi hakuiona, na hakuna aliyemsikia akiiulizia. Mwanawe alirithi duka pamoja na ile tabia ya kungoja, akaongeza udi, marashi na kofia za mkono, na alipofika umri wa miaka hamsini na kitu alikuwa mtu mtulivu, mwenye ndevu zilizochanwa, ambaye hakujulikana kwa jambo lolote baya isipokuwa moja: alikusanya saa.

Si saa zozote. Zile kubwa za kupigia mbizi, zile za marubani zenye vidude kila upande, hakuzitaka hata kwa bure, aliziita makarai. Alizotaka yeye ni saa za Uswisi za zamani, za kutia ufunguo, nyembamba kama biskuti, zilizotengenezwa kwa ajili ya kuvaliwa na suti na mtu asiye na haraka. Aliziita saa zenye adabu. "Saa yenye adabu," alimwambia mteja mmoja aliyekuja kununua leso na asiulize habari za saa, "huingia chini ya mkono wa shati ikatulia humo mpaka iitwe."

Mtu akiuliza saa kama hizo zilifikaje Voi, jibu ni kwamba Voi ni njia panda, na penye njia panda watu hudondosha vitu. Stesheni masta Mgoa alipostaafu na kurudi kwao, aliacha mbili. Daktari wa misheni kule mlimani aliacha moja kwa mpishi wake, ambaye hakuona faida ya saa isiyotoa mlio wa kuamsha watu. Familia za Kihindi zilizohamia Uingereza, mameneja wa mashamba ya mkonge walioitwa kwao, mtalii wa Kijerumani aliyemchumbia msichana wa Mwatate kwa saa na kukataliwa kwa saa: wote hao walipita, na nyuma yao Ridha alikuwa akiokota. Mwaka ule wa baraza alikuwa nazo kumi na moja. Nane kati ya hizo zilikuwa za dhahabu, na hapo ndipo tabu ilipoanza.

Mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu. Ridha alilijua hilo tangu chuoni, lakini alimwendea sheikhe hata hivyo, kwa matumaini ya mtu anayejua jibu.

"Kuvaa, la," alisema sheikhe. "Kumiliki, hapana ubaya, madhali unatoa zaka."

"Na kuitazama?"

"Kuitazama unaweza kutazama hata ng'ombe wa mtu."

Basi akawa mmiliki wa saa nane za dhahabu asizoweza kuvaa. Tatu zilizobaki zilikuwa za chuma, na hizo zilikuwa halali. Lakini Ridha aliona kuwa kuivaa ya chuma na kuziacha za dhahabu kabatini ni upendeleo, na mtu mwenye wake wengi ameamrishwa uadilifu. Mkononi akavaa saa ya plastiki, ya betri, ya kutoka Mombasa, yenye tarakimu zinazomwekamweka. Hiyo ndiyo iliyomwambia saa kwa usahihi kuliko zote kumi na moja, jambo ambalo hakupenda lizungumzwe.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri alifungua kabati la nyuma ya duka, akazitoa moja moja kwenye vifuko ambavyo mkewe Khairat alivishona kwa mabaki ya leso, akazitia ufunguo, akazitega sikioni. Khairat alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, na kwa miaka mingi alikuwa amezoea kupita mlangoni wakati huo huo, kama kwa bahati.

"Wake wenzangu hawajambo?"

"Hawajambo. Wa tatu kachelewa kidogo."

"Mpe talaka."

"Talaka haitolewi kwa dakika mbili, mama Fawaz."

"Mimi nikichelewa na chai dakika mbili nasikia habari zake mpaka Ijumaa ya pili."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumba ya Ridha, na ingeendelea kuwa hivyo bila kisa cha kuandikwa, kama Donald Mwakio asingeingia dukani siku moja kumnunulia mkewe leso.

Donald alikuwa Mtaita wa mlimani aliyeteremka. Ujana wake wote aliumaliza katika shamba moja la mkonge, akiwa karani wa kengele: yeye ndiye aliyeigonga asubuhi watu wakaingie kukata, na yeye ndiye aliyeigonga jioni wakatoka. Alipostaafu alinunua kipande cha ardhi Mboghoni, kule upande wa Taveta ambako maji hayakatiki, akapanda migomba. Alikuwa mrefu, mkavu, mweusi wa kung'aa, na alipozungumza alizungumza kama mtu anayesoma notisi. Siku ile alinyoosha mkono wa kushoto aiguse leso iliyokuwa juu kabisa ya rafu, mkono wa koti ukateremka, na Ridha akasahau bei.

Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba kuliko zote alizowahi kuziona. Uso wake wa rangi ya maziwa yaliyolala, akrabu mbili kama majani ya nyasi, na chini yake kijiduara kidogo cha sekunde kikizunguka peke yake bila kumsumbua mtu. Juu ya sita na kumi na mbili hapakuwa na tarakimu, vijiti tu. Jina lilikuwa la nyumba moja ya Geneva ambalo Ridha alilitamka kwa heshima kubwa na kwa makosa. Na pembeni, kati ya kioo na dhahabu, kulikuwa na tope.

"Mzee," alisema Ridha, "hilo ni tope?"

Donald akatazama. "Ni tope."

"La wapi?"

"La Mboghoni. Juzi nilikuwa na zamu ya maji."

Ridha akamkaribisha kwenye benchi. Ndipo alipoelezwa, taratibu, kama notisi, kwamba kule Mboghoni maji ya mfereji yanagawanywa kwa saa, kila shamba na zamu yake. Kwamba ugomvi wa zamani wa mfereji ule uliwahi kufika kwenye mapanga. Na kwamba tangu Donald ahamie, watu walikubaliana kufuata saa yake, kwa sababu haikuwa na mpango na mtu. Akisema zamu imekwisha, imekwisha. Jirani hufunga, jirani hufungua. Saa ya kuvaliwa kwenye jumba la opera, kama zilivyo zile anazozitazama mtu katika majarida, ilikuwa inagawa maji ya migomba.

"Na maji yakiingia ndani?"

"Hayaingii. Mkono huu nauweka nyuma." Donald akamwonyesha: mkono wa kulia umeinama kama unashika jembe, wa kushoto umekunjwa mgongoni, kama mkuu wa wilaya anayekagua gwaride.

"Na ukioga?"

Mkewe Tryphena, aliyekuwa mlangoni akichagua leso nyingine, ndiye aliyejibu. "Anaoga kama mtu anaapa kortini," alisema, na akainua mkono juu.

Ridha akataka kuinunua. Alitaja kiasi, akataja kingine, akataja duka. Donald akamwangalia kwa huruma.

"Bwana Ridha, hii haiuziki. Nitakwambia nilivyoipata. Meneja wetu alikuwa Mswisi. Kila asubuhi kabla nigonge kengele lazima nimwendee, nitazame mkono wake. Miaka kumi na mitatu natazama huo mkono. Siku ya kurudi kwao, pale stesheni, akaivua akanipa. Akasema, 'Donald, mimi niliivaa tu, wewe ndiye ulikuwa unaitumia.' Sasa nikikuuzia, nitakuwa nimemuuza nani?"

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hiki hakikujiuza wala hakikujitembeza, kilikaa tu mkononi mwa mwenyewe kikipiga. Kuanzia siku ile Donald akawa rafiki wa duka. Kila alipokuja Voi kuuza ndizi alipita, akakaa kwenye benchi, akaletewa kahawa, kisha bila kuambiwa akanyoosha mkono wa kushoto. Hakuivua saa. Hakuivua hata dakika moja, na Ridha hakuthubutu kuomba mara ya pili. Aliushika mkono wa Donald kwa mikono miwili, akauinamia na kioo kidogo cha kukuzia cha fundi saa jichoni, akatazama kila kona. Wateja waliingia, wakakuta wazee wawili wameshikana mikono kimya, wakatoka, wakarudi baadaye.

"Ruhusu niipeleke kwa fundi Mombasa itiwe mafuta," Ridha alimsihi.

"Ikienda Mombasa itarudi nyingine."

"Basi angalau nione mgongo wake. Mgongo huwa na chapa."

"Mgongo wake uko na mimi," alisema Donald.

Mwaka wa tisini na tatu, au nne, Donald alimhurumia zaidi. Alikuwa amemaliza kahawa, mkono wake ungali mikononi mwa Ridha, na Khairat alikuwa akipanga leso huku akijifanya hasikii.

"Sikia, Bwana Ridha. Kuuza, hapana. Kupeana, hapana. Lakini nakupa ahadi. Siku hii saa itatoka kwa huu mkono, itakuwa yako. Si ya Pauline binti yangu, si ya kanisa. Yako. Nikifika nyumbani nitamwambia mama Pauline awe shahidi."

"Siku itakayotoka mkononi?"

"Siku hiyo."

Ridha akakubali, wakapeana mikono, yaani ile mingine. Na moyoni akatulia kabisa, kwa sababu ambayo ilikuwa dhahiri mno kwake hata hakuitamka. Mtu akifa huvuliwa. Huvuliwa kila kitu, hata kofia. Huoshwa, huvishwa sanda, na sanda haina mfuko. Ridha alikuwa ameshaosha maiti si mmoja, na hakuwahi kuona hata mmoja akiondoka na pete, sembuse saa. Kwa hiyo kungoja kwake kulikuwa na mwisho unaojulikana. Hakumwombea Donald mauti. Alimwombea umri, tena kwa dhati, maana kila alipokuja alikuja na saa.

"Umeahidiwa mali ya mtu aliye hai," Khairat alimwambia jioni ile. "Huoni haya?"

"Nimeahidiwa na mwenyewe."

"Na kama ukitangulia wewe?"

Hilo Ridha hakuwa amelifikiria. Alilifikiria kidogo. "Basi ataniletea salamu," alisema.

Donald alifariki mwaka wa tisini na sita, hospitalini, kwa homa ya mapafu, baada ya kugawa maji mvua ikimnyeshea. Habari zililetwa dukani na dereva wa lori la ndizi. Ridha akafunga duka, akavaa kanzu safi, akauliza maziko ni jioni hii au kesho asubuhi.

"Ni wiki ijayo, Jumamosi," alisema dereva.

Khairat akashangaa. "Wanamngoja nani?"

"Kamati," alisema dereva.

Wakafungua duka tena.

Jumamosi ilipofika Ridha alipanda lori lile lile, akakaa mbele na dereva. Njia ya Taveta ilikuwa ya vumbi jekundu, na lori likawa likirusha vumbi hilo hadi Mraru na baada ya Mraru, na Ridha akawa akilifikiria lile tundu la kumi na mbili kabatini. Alikuwa ameshalitengeneza. Khairat alikuwa ameshona kifuko, kwa leso mpya, si mabaki, ingawa alikishona bila kusema neno. Kifuko kilikuwa mfukoni. Ridha aliona haya kidogo, kisha akaona kwamba haya hizo si za lazima: ahadi ni deni, na mdai kuhudhuria maziko ya mdaiwa si dhambi, ni desturi.

Mboghoni palikuwa na turubai, viti vya kukodi, kwaya mbili na spika iliyokohoa. Watu wa mfereji walikuwa wengi, wamekaa upande mmoja, kimya, na nyuma yao maji yalikuwa yakipita kwenda shamba la mtu. Mgeni wa Voi mwenye kanzu aliketishwa mbele. Kabla hajamaliza kujifuta vumbi, Tryphena alimjia akiwa amevaa nyeusi, akamshika mkono, akamvuta pembeni nyuma ya jiko. Walipeana pole. Kisha Tryphena akafungua fundo la leso kiunoni, akatoa kitambaa, akakifungua.

"Wauguzi waliivua," alisema. "Kabla ya kumpeleka kule baridi. Wakanipa mkononi. Pauline alitaka irudishwe mkononi mwa baba yake, nikamwambia hapana, kuna neno la baba yako. Ilitoka, Mzee Ridha. Ni yako."

Ridha aliipokea. Kwa mara ya kwanza aliishika peke yake, bila mkono wa mtu ndani yake, na ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Akaigeuza. Kwa miaka yote ile alitaka kuuona mgongo, na sasa aliuona: ulikuwa mtupu. Chapa, herufi, namba, kama ziliwahi kuwapo, zilikuwa zimelainika zikaisha, kama jiwe la mtoni. Akrabu zilikuwa zimesimama. Tope lilikuwa bado mahali pake.

"Asante, mama Pauline," alisema. Akaitia katika kifuko cha leso, kifuko akakitia mfukoni, na wakarudi turubaini.

Mzee wa kanisa, Obadiah, aliyekuwa na sauti ya kutosha watu mara mbili ya wale waliokuwapo, akatangaza kwamba sasa jeneza litafunguliwa watu watoe heshima za mwisho kwa mpangilio, wageni kwanza, bila kusukumana. Ridha akasimama. Alikwenda kwa adabu, akitegemea kuona alichozoea kukiona: nguo nyeupe na umbo la mtu chini yake.

Alimwona Donald amevaa suti ya kahawia. Tai. Shati lililopigwa pasi. Viatu vya kamba, vimesuguliwa mpaka vikang'aa, kwa ajili ya kutembea wapi Mungu ajua. Nywele zimechanwa upande. Miwani mfuko wa juu. Walimvika kama mtu anayekwenda Voi. Na aliyemvika alikuwa amemjua vizuri, kwa kuwa mkono wa koti wa kushoto alikuwa ameukunja kidogo nyuma, kama Donald mwenyewe alivyokuwa akiukunja kila alipokaa kwenye benchi. Na pale ulipokunjwa palikuwa na mviringo wa ngozi iliyofifia, laini kama ya mtoto, ambayo haikuwa imepata jua tangu Mswisi apande gari moshi.

Ridha akakaa pembeni, wengine wakapita. Hapo ndipo alipoanza kusikia watu wa mfereji.

"Mbona simtambui?"

"Ni yeye. Ni ugonjwa tu umemkondesha."

"Kuna kitu hakipo."

Mwanamke wa Kikamba aliyeitwa Mumbe, jirani wa shamba la chini, yule ambaye zamu yake ilifuata ya Donald, alisimama mbele ya jeneza kwa muda mrefu kuliko mpangilio ulivyoruhusu. "Baba Pauline," alimwambia maiti, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanavyozungumza majirani kupitia ua, "umetoka bila saa? Sasa huko utajuaje zamu yako?"

Baadhi ya watu walicheka, kisha wakalia, kisha Obadiah akawaambia waendelee kusogea.

Ridha alikaa na mkono mfukoni. Kwa kidole gumba aliisikia saa kupitia leso. Ilikuwa yake, kwa ahadi, kwa shahidi, kwa sheria ya dini yake na ya yeyote mwingine. Ijumaa angeitia ufunguo pamoja na wenzake. Ingepiga siku moja na kitu, isimame, ingoje Ijumaa nyingine. Hakuna mkono ambao ungeingia ndani yake. Kabatini kwake kulikuwa na saa kumi na moja zisizovaliwa na mtu, na ghafla hakuona zingefanya nini zikiwa kumi na mbili.

Akainuka, akamwendea Tryphena.

"Mama Pauline. Ahadi imetimia?"

"Imetimia."

"Saa ni yangu?"

"Ni yako, Mzee Ridha. Mbele ya Mungu."

"Basi nikitaka kumpa mtu, hakuna wa kuniuliza."

Tryphena akamtazama. Alielewa kabla Obadiah hajaelewa, na Obadiah alichukua muda. "Hakuna," alisema.

Jeneza likafunguliwa tena, nje ya ratiba. Ridha aliichukua saa kutoka katika kifuko, akaifuta kioo kwa ncha ya kanzu, na lile tope akaliacha. Kisha akaitia ufunguo. Alifanya polepole, kama anavyofanya Ijumaa, mpaka aliposikia inakataa. Kile kijiduara cha sekunde kikaanza kuzunguka. Akaitega sikioni, akatikisa kichwa kukubali, akaangalia saa yake ya plastiki, akairekebisha ile ya dhahabu ifuate majira. Halafu akaushika mkono wa Donald kwa mikono miwili, kama siku zote, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyefunga mkanda.

"Haya, baba Pauline," alisema. "Huku kwenu inaruhusiwa."

Mumbe alipopita tena alitazama, akasema, "Sasa ndiye."

Walipokwisha kuzika na chakula kikaletwa, watu wa mfereji walianza yale mazungumzo ambayo wote walijua yatakuja: zamu ya sasa ni ya nani, na imekwisha au bado. Mmoja alisema imekwisha zamani. Mwingine alisema mtu hawezi kuhesabiwa zamu wakati yuko matangani. Sauti zikapanda. Ridha alisikiliza mpaka akamaliza wali wake. Kisha akafungua mkanda wa plastiki, akaivua ile saa ya betri na kumpa Tryphena.

"Hii haitaki ufunguo," alisema. "Na ikiingia maji hainiumizi moyo. Wafuate hii."

"Na wewe utajuaje saa?"

"Mimi nina saa nyumbani," alisema Ridha.

Alifika Voi Maghribi imekaribia. Khairat alimwona mkono wa kushoto mtupu, akamwona anatoa kifuko mfukoni, akakipapasa, kikawa kitupu nacho.

"Hawakukupa."

"Walinipa."

"Iko wapi?"

"Kaivaa mwenyewe."

Khairat alikaa kitako kwenye rundo la leso. "Umezika dhahabu," alisema. "Dhahabu, baba Fawaz. Chini. Kwenye migomba. Hiyo si israfu?"

"Pengine. Nitaulizwa."

"Utajibu nini?"

"Nitasema haikuwa yangu. Nilikuwa nayo muda wa kula wali tu, na wali wenyewe haukuwa umeiva." Akamrudishia kifuko. "Weka sindano humu."

Khairat akakitia sindano. Ijumaa iliyofuata alipita mlangoni kama kawaida, akasimama, akamtazama mumewe akizitega sikioni moja moja. Hakuulizia wake wenza. Aliingia, akachagua ile nyembamba zaidi kati ya zile za dhahabu, ile ya stesheni masta, akaivaa mwenyewe, mkono wake mnene ukiibana kidogo.

"Kwangu mimi si haramu," alisema, na akatoka nayo kwenda kupika.

Ridha hakumwita. Baada ya muda alifunga kabati, akaenda jikoni kuuliza saa ngapi.

Mwaka wa tisini na nane palikuwa na baraza jingine, na ofisa mwingine, kijana zaidi, mwenye kipaza sauti kilichofanya kazi. Uvumi ulikuwa umeanza tena, na ilibidi ukanushwe. Alithibitisha tangazo la mwaka wa tisini na moja neno kwa neno, akaongeza kwamba wataalamu wamepima upya na wilaya ya Taita Taveta haina dhahabu ardhini, hata chembe, na kwamba jambo hilo linahusu pia upande wa Taveta, ambako udongo ni wa kilimo. Wananchi wakapiga makofi. Ridha alipiga kwa mikono yote miwili.

Kaburi la Donald Mwakio liko Mboghoni, upande wa juu wa mfereji, kati ya safu ya pili na ya tatu ya migomba. Dhahabu iliyomo ni ya karati kumi na nane.